Hapa Ndipo Wazi

Glavu niliitoa kwenye mitumba, soko la Chikongola,
ya kushoto, peke yake, mwenziwe sijui aliishia wapi.
Nikailaza mezani kama samaki wa kupara,
nikaipitishia waya mgongoni, kidole baada ya kidole,
vihisi vitano vyembamba kama ukucha,
betri ya simu iliyokufa kioo,
na kwenye kifundo, taa ndogo ya kijani
isiyokuwa na kazi. Niliipenda tu.

Mkononi mwangu ilitii.
Ngumi: mashine kimya.
Kiganja: mkanda unakwenda,
korosho zinaandamana kwenye kisu mojamoja.
Nikajipiga picha. Nikajiita mhandisi.
Chande akaangalia, akafuta mikono yenye risasi ya kuchomelea,
akasema: "Imekujua wewe.
Wewe umebangua korosho ngapi maishani?"

Kesho yake niko Kitangari, boksi pajani.

Shangazi Somoe anabangua tangu mimi sijaota meno.
Utomvu wa ganda umemla ncha za vidole.
Siku ya kusajili laini, kijana wa simu alimwambia
weka tena mama, futa jasho mama, weka tena,
mpaka foleni nyuma yake ikaanza kuguna,
akarudi na laini yenye jina la mjukuu.
"Mashine za watu hazinioni," akasema.
"Hii yako ina macho gani?"
Haina macho, shangazi. Inasikia mkunjo.

"Na mbona ya kushoto? Kushoto tunapokelea nini?"
Sikuwa na jibu. Akavaa hivyo hivyo.

Akafungua mkono.
Mashine ikasimama.
Akafungua tena, mshipa ukamtoka,
mashine imesimama.
Nikatazama namba kwenye kioo, nikatazama mkono,
nikaona aibu kabla sijaona kosa:
kiganja chake kilichofunguka chote
ndicho ngumi yangu inayoanza kulegea.
Miaka ishirini na sita ya kushika korosho
imeacha umbo la korosho humo ndani,
analala nalo.

Na "njoo" nilikuwa nimeikopi kwa wageni,
kiganja juu, kidole kimoja kinakwaruza hewa,
namna ambayo huku humwiti hata mbuzi.
Somoe akaita kama watu wanavyoita:
kiganja chini, vidole vinne vinafagia kuja kifuani.
Mashine ikasoma: ondoka.
Ikazirudisha korosho zote zilikotoka.
Kuku akaingia, akamfukuza, shii!
mkanda ukatimua mbio, maganda yakaruka hadi dirishani,
wabanguaji wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini,
naye akacheka, mkono juu, haujui uende wapi
bila kuamuru kitu.

Nikakaa juu ya gunia mpaka alasiri.
Nikafuta mkono wangu.
Vipimo vyangu vyote, ngumi yangu, kiganja changu laini cha darasani,
nikavifuta.
Fungua, shangazi, ulipofikia.
Akafungua alipofikia.
Nikaandika: hapa ndipo wazi.
Kunja. Hapa ndipo ngumi.
Ita. Akaita.
Ita tena, kama unamwita mjukuu asiyesikia.
Akaita kwa bega zima, nikaandika na bega.

Jua limeshaingia mlangoni ilipokuja ya kwanza,
ikalazwa kisuni, ikakatwa,
kiini kikadondoka kizima, cheupe, bila hata mkwaruzo.
Somoe hakunitazama mimi.
Aliinamia chuma, akakiambia kwa sauti ya chini,
"Niwie radhi, nakuita kwa mkono wa kushoto."

Korosho ya kumi na saba, umeme ukakatika.
Wengine wakafunga vitenge, wakatoka.
Yeye akabaki kwenye kigoda, glavu mkononi,
taa yangu isiyo na kazi ikimwangaza mpaka kidevuni,
akaniuliza ya kulia
naileta lini.